Alama Kwenye Kona ya Jalada

Kwanza nilisikia mkwaruzo. Ilikuwa Jumapili mchana, siku ya tatu tangu nipange chumba kwa Mzee Pankrasi, na nilikuwa nimelala chali kwenye godoro lililokuwa bado halijapata kitanda. Upande wa pili wa ukuta kitu kilikuwa kinakwaruza taratibu, kama mtu anayeparua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Kikakwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Kisha likaja gitaa, na gitaa la pili likilifuata la kwanza kwa nyuma kidogo, halafu tarumbeta moja ikapanda juu ya yote hayo bila haraka, kama mtu anayejua kwamba anasubiriwa. Nilikuwa bado sijamwona mpigaji wala kinachopigwa nilipoisikia sauti ya mwenye nyumba wangu ikipaa: "Hapo! Umesikia? Hapo ndipo nilipokosea!" Hakuna aliyemjibu, maana alikuwa peke yake.

Mwezi uliopita, miaka mingi baada ya mchana ule, binti yake alinipigia simu kuniambia kwamba mzee ameshazikwa, kwamba walinitafuta kwa namba yangu ya zamani wasinipate. Nilimpa pole, nikakata simu, nikakaa jikoni nikijaribu kuukumbuka uso wake. Uso haukuja. Kilichokuja ni ule mkwaruzo, na baada ya mkwaruzo ukaja mwaka mzima, na baada ya mwaka alikuja mtu mwingine kabisa, mzee wa Inyonga ambaye nilikaa naye mezani mara tatu tu maishani mwangu. Nimeandika mambo mengi tangu wakati ule na sijawahi kumwandika yeye. Nadhani nilikuwa nangoja Mzee Pankrasi asiwepo, kwa sababu ndiye pekee ambaye angenisahihisha.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikiishi Mpanda mjini kwa kudarizi vitambaa vya makochi na vya kufunikia meza. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama banda la kuni, na kwa sababu mwanga uliingia asubuhi tu, asubuhi ndiyo nilikuwa nachora. Nilichukua ukurasa wa daftari, nikaupaka mafuta ya kula kwa pamba, nikauanika juu ya bati hadi ukawa mwangavu kama kioo cha taa. Huo ukiuweka juu ya ua lolote, unaliona lilivyo. Unalifuatisha kwa kalamu, unalitoboatoboa kwa sindano, unapitisha vumbi la mkaa, na ua linahamia kwenye kitambaa. Mama aliyenifundisha hakuwahi kuniambia upande wa mbele wa karatasi ni upi, na hakuwa na sababu. Ua likigeuka bado ni ua. Tausi akitazama kulia au kushoto, anayekalia kochi hajui.

Jalada la santuri niliruhusiwa kuliona baada ya wiki mbili, siku niliyompelekea mzee uyoga niliopika na karanga. Alikula kwanza. Akanawa, akafuta mikono kwa taulo, akaikagua kama daktari, ndipo akalitoa kabatini. Msaginya Jazz, ndivyo lilivyoandikwa juu, kwa herufi nyekundu zilizolala kidogo. Ilikuwa bendi ya vijana saba wa hapahapa, ilirekodi santuri moja tu, na kati ya wale saba alibaki yeye. Chini ya herufi palikuwa na mtu aliyechorwa kwa rangi, mwembamba, shingo ndefu, amefumba macho na kuinua tarumbeta. Mdomoni mwa tarumbeta zilitoka nukta nyingi nyeusi zilizotawanyika hadi ukingoni mwa jalada. Mji mzima, au ile sehemu ya mji iliyowahi kuliona, ilisema zile ni noti za muziki.

"Huyu ni wewe?" nilimuuliza.

"Ni mimi nikiwa na shingo," alijibu. "Shingo hii sikuwahi kuwa nayo. Na tazama, ananishikisha tarumbeta kwa kushoto. Tulicheka wiki nzima."

"Aliyechora ni nani?"

"Sasa hapo unauliza swali la serikali. Kiongozi wetu alikuja na mchoro siku ya safari ya kwenda kurekodi, umekunjwa kwenye gazeti. Akasema ni wa mtu wa Inyonga. Tulikuwa vijana, binti yangu. Tuliuliza safari ni saa ngapi."

Ningeishia hapo kama si kijana mmoja wa Dar es Salaam, mkusanyaji wa santuri za zamani, aliyempata mzee kwa simu mwezi uliofuata. Yeye na wenzake walitaka kuichapa upya ile santuri. Mzee aliweka simu kwenye spika ili nisikie, akawa anaitikia "naam" kwa sauti ya kanisani. Mwishoni kijana akasema kuna jambo moja: bila kumjua mchoraji hawawezi kutumia mchoro wake, wataweka picha nyingine, pengine ya machweo. Lakini akipatikana, jalada litabaki lilivyo, na jina lake litaandikwa nyuma pamoja na majina ya wanamuziki.

Simu ilipokatwa, mzee aliipindua juu ya meza. "Machweo," alisema. "Wenzangu sita wamekufa, halafu watuwekee machweo."

Ndipo nikaichunguza kona ya jalada. Chini kabisa kulia, ndogo kuliko punje ya mchele, palikuwa na alama: mstari mmoja umesimama, mguu mfupi unatokea chini yake, na nukta tatu juu. Tulikuwa tumeichukulia kama pambo. Mzee hakukubali jalada litoke nje ya nyumba, hata kwa dakika tano, kwa hiyo nikapaka karatasi yangu mafuta, nikaikausha, nikainakili ile alama kwa kalamu ya wino, nikiikuza. Niliizungusha sokoni kwa wachora mabango na mafundi seremala, wakatikisa vichwa. Mwuza asali mmoja, mama mnene aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakuhitaji hata kuishika. "Hiyo alama ya mzinga," alisema. "Mtu akipandisha mzinga wake mtini anaukata alama, watu wajue ni wa nani. Nenda Inyonga, uliza wazee. Na usiulize vijana, wao wanajua mpira tu."

Inyonga ilinuka tumbaku msimu ule, harufu tamu na nzito iliyokaa hadi kwenye nywele. Wazee niliowauliza walinielekeza kwa Mzee Lukas, na dereva wa bodaboda alinishusha mbele ya nyumba yake saa sita mchana. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye makovu madogomadogo masikioni, na alikuwa anachubua gome la mti kwa ajili ya mzinga mpya. Nilimwamkia, akaitikia bila kusimamisha kisu. Nikampa karatasi kama ilivyotoka kwenye mkoba wangu. Akainuka, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, na kisu kikaanguka.

"Hii ni yetu," alisema. "Umeitoa wapi?"

Nilimweleza. Alinikaribisha ndani, tukala ugali kwa samaki wa migebuka, na chumba kile ninakiona hata leo: meza isiyo na kitambaa, kalenda ya parokia, mitungi miwili ya asali imefunikwa kwa majani makavu, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa hadi usawa wa bega tu. Alikula polepole huku akinifundisha kusoma alama. Ya ukoo wao ilikuwa na mguu unaoelekea kushoto. Baba yake mdogo alipojitenga na kaka yake alichukua alama ileile akaigeuza, mguu ukaelekea kulia, ndivyo inavyofanywa kwao. Hugombani na ndugu yako kwa mizinga, unageuza mguu tu. "Lakini upande ule hakuna tena mwenye mizinga. Amebaki binti yake, Veronika, yuko Sitalike, anapikia watu chakula. Hii uliyoleta ni ya huku. Ni ya Kaspari."

Kaspari alikuwa mdogo wake. Alikuwa akienda Mpanda kila mwezi kuuza nta na kurudi na nyimbo mdomoni, na tangu mtoto alichora ukutani kwa mkaa, mama yao akimpiga na kufuta. Alikufa kwa homa akiwa hajaoa. "Hana mtoto. Hana picha," Mzee Lukas alisema. "Mizinga yake nyuki walihama. Mimi nikifa, mjukuu wangu, hakuna mtu atakayejua kwamba alipita hapa." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia ya kufika kisimani. Kisha akaiinua tena karatasi yangu kwenye mwanga, akaanza kucheka. Alicheka hadi akalazimika kuweka tonge chini. "Kaspari, bwana! Kumbe alikuwa anatudanganya anauza nta!"

Jioni ile ile nilimtumia ujumbe kijana wa Dar: mchoraji ni Kaspari wa Inyonga, marehemu. Alijibu kwa alama nyingi za mshangao. Mzee Pankrasi alifurahi kiasi cha kuvunja sheria yake mwenyewe: alilivika jalada mfuko wa nailoni, akaliweka chini ya koti, tukaenda nalo kwenye duka la kutoa nakala. Alisimama karibu na mashine kama askari, akimwambia dada wa pale, "Taratibu, hilo lina umri wa mama yako." Tulitoa nakala mbili, nyeusi na nyeupe, na moja nikaipeleka Inyonga mwenyewe, iwe zawadi.

Mzee Lukas aliiweka juu ya meza, akaishika kwa vidole viwili pembeni. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Nyuki." Sikumwelewa. Akazigusa zile nukta zinazotoka kwenye tarumbeta. "Hawa ni nyuki wanatoka mzingani. Nyie watu wa mjini mlidhani ni nini?" Nikacheka, nikasema noti. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinama, kidole kimeshuka hadi kona ya chini, na kilikaa pale. Nilidhani anasali. Baadaye akainua kichwa, akaniambia ahsante mara mbili, akanipa asali ya kumpelekea Mzee Pankrasi. Nilirudi na basi la mchana nikiwa nimejaa furaha ambayo sijaipata mara nyingi tangu wakati ule. Ilikuwa furaha ya kumrudishia mtu ndugu yake.

Msimu wa mvua ulipoingia, kijana wa Dar akaandika kwamba wataanza kuchapa mwisho wa mwezi. Nilitaka kumfanyia Mzee Lukas kitambaa cha meza yake tupu, na katikati yake nikaidarizi alama ya Kaspari kwa uzi wa rangi ya asali. Nilitumia karatasi ileile. Nikaiweka kwa uangalifu upande ule alioutazama yeye, maana alama ya mtu si tausi. Kazi ilinichukua siku nne. Siku ya nne nilimpelekea Mzee Pankrasi akione, akalifungua kabati, akakaa, akakiweka juu ya magoti na jalada kando yake.

"Umedarizi vizuri," alisema. "Ila mguu umeutuma wapi?"

"Mguu gani?"

"Wa kwako unakwenda dirishani. Wa kwangu unakwenda mlangoni."

Nilitazama. Nakumbuka kwamba nilitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayehesabu vidole vyake. Kwenye jalada mguu ulielekea kulia. Nikaichukua karatasi yangu ya mafuta, nikaigeuza, na alama ikaonekana safi pande zote mbili, wino haukuficha chochote. Kule Inyonga nilikuwa nimempa Mzee Lukas upande wa nyuma wa karatasi. Mzee Pankrasi hakuelewa kwa nini nimekaa chini sakafuni, nikamweleza habari ya ndugu wawili na mguu uliogeuzwa. Alisikiliza hadi mwisho, akakikunja kitambaa mara nne, akanirudishia.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi nilikuwa napuliza tu."

Sitalike niliikuta ikitiririka maji. Kibanda cha Veronika kilikuwa kando ya barabara, karibu na daraja, na ili kuwazuia viboko wa mtoni alikuwa amezungusha miiba nyuma ya jiko. Wateja wake, vijana wawili wa hifadhini, walimwita Mama Skola na kumtania kwamba maharage yake yana mawe kwa makusudi ili watu wakae sana. "Kaeni, nani anawafukuza," aliwajibu. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, mpana, mwenye mikono mizuri. Walipoondoka nilimwekea mezani nakala nyingine ya jalada. Aliifuta meza kwanza ingawa ilikuwa safi. Halafu akakaa.

"Mkono huu nimeukosea," alisema. "Nilikuwa nautazama mkono wangu mwenyewe, na mimi nashika kwa kushoto."

Alichora akiwa msichana wa shule ya masista Mpanda. Kiongozi wa bendi alikuwa akileta mkate pale shuleni, akaona michoro yake kwenye madaftari, akamletea rangi za kopo. Jina hakuandika, baba yake angejua kwamba anazoeana na watu wa dansi. "Lakini alama niliweka. Kwetu kitu ukikipandisha mahali watu watakiona, unakiwekea alama ya nyumbani. Ningeachaje?" Hakuwahi kuiona santuri yenyewe. Alikuwa ameisikia mara moja, redioni, akiwa anamenya viazi.

Nilimweleza kuhusu jina litakaloandikwa nyuma. Alikwenda kuchokoa kuni jikoni, akarudi.

"Wataandika Veronika, au Mama Skola?"

"Wewe unataka lipi?"

"Veronika. Siku zile Skola alikuwa hajazaliwa." Akanitazama moja kwa moja. "Waandike na la baba. Sasa hawezi kunichapa."

Ndipo nikamwambia kuhusu Mzee Lukas na Kaspari. Alimkumbuka Kaspari vizuri. Alisema alikuwa mtu wa vichekesho, na kwamba kweli alichora, mbuzi wabayawabaya wenye miguu mitano. Alisema, "Maskini Lukas," akafunika uso kwa khanga kidogo, akaufunua. Lakini hakusema niache jina la Kaspari libaki. Nilikuwa nangoja aseme. Nilitaka sana aseme, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimlaumu kimyakimya kwa kutosema, jambo ambalo ni ujinga, kwa sababu kitu kilikuwa chake.

Asubuhi ya safari ya mwisho ya Inyonga, nikiwa stendi ya Mpanda, nilimwandikia kijana wa Dar ujumbe wa kusahihisha. Nilituma kabla ya kupanda basi. Nilijua kwamba nikifika kwanza, nikaliona tabasamu la Mzee Lukas, nisingeandika. Mpaka leo sijaamua kama huo ulikuwa uaminifu au woga. Wakati mwingine, nikiwa nimekaa na mtu anayenipa hadithi ya ndugu yake, naona ulikuwa uaminifu. Usiku ukipita naona vinginevyo.

Mzee Lukas alikuwa amesonga ugali. Uyoga ulikuwa umeanza, akaupika mwenyewe kwa karanga, na asali aliiweka kwenye kisahani pembeni. Ile nakala ilikuwa ukutani juu ya mstari wa chokaa, ndani ya fremu ya vijiti aliyoitengeneza kwa ustadi. Nikaanza kula, nikainua macho kuitazama, nikasimamisha mkono. Fremu ilikuwa nyembamba pande zote isipokuwa kona ya chini kulia. Pale palikuwa na kipande cha gome la mti, kimekatwa mviringo, kimebanwa kwa msumari mdogo.

"Babu," nilisema.

"Kula kwanza."

"Babu, ile alama…"

"Niliiona," alisema. "Siku ile ile uliyoileta. Mimi nasoma alama nikiwa chini na mzinga uko juu mtini, na jua liko machoni. Ulidhani sitaiona mezani?"

Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalishika bila kulila.

"Mwenye nyumba wako anajua?"

"Ndiye aliyeona kwanza."

"Na Veronika?"

"Nimetoka kwake juzi."

"Hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia."

"Veronika ana watoto saba," alisema. "Ana wajukuu siwezi kuwahesabu. Watu wa barabara nzima wanamwita jina. Kaspari ana nini?" Hakupandisha sauti. "Waliobaki ni hao wa Dar tu, na wao hawajui mguu wala mkono. Ungewaachia."

"Nimeshawaandikia, babu. Leo asubuhi. Kabla sijapanda basi."

Tonge lilirudi kwenye sahani. Alikaa akilitazama, na nilisikia mvua ya mbali ikija juu ya miti, na sikuthubutu kunyanyua macho kwa sababu nilijua angeona kwamba nalia, na kulia hakukuwa zamu yangu. Kitambaa nilikuwa nacho mkobani. Alama iliyokuwa kosa ikilinganishwa na jalada ilikuwa sahihi kwa meza yake, mguu unaoelekea kushoto, wa baba yake, wa Kaspari, wake mwenyewe. Nilikitoa nikakiweka karibu na kisahani cha asali. Alikifungua kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa na ugali. Alipitisha kidole juu ya uzi, kutoka nukta tatu hadi mguuni, polepole, kama anayeangalia iwapo utomvu wa mti umekauka.

"Huu ni mkono wako?"

"Ndiyo, babu."

"Basi huu hukukosea."

Akanawa. Akasimama juu ya kigoda, akakichomoa kile kipande cha gome kwa kucha, na alama ya Veronika ikabaki wazi ukutani na mguu wake unaoelekea kulia. Gome akalitia mfukoni. Nikafanya kama nainuka, akanizuia kwa kiganja.

"Maliza chakula, mjukuu wangu. Uyoga ukipoa unakuwa kama mpira. Mimi nina mzinga wa kuangalia."

Mvua ilikuwa imefika uani. Hakuna mtu anayekwenda kwenye mizinga katika mvua. Alichukua kofia yake kwenye msumari, akaitazama meza, akanitazama mimi mgeni wake, akatoka katika nyumba yake mwenyewe na kuurudishia mlango nyuma yake taratibu, hadi kitasa kikalia.